Bi Maabara na Damu Iliyokataa

Daktari hakuwa, sista hakuwa, na jina lake mwenyewe hakuna aliyethubutu kulitumia, kwa hiyo hospitali nzima tulimwita Bi Maabara. Alikuwa msimamizi wa chumba cha damu katika hospitali moja ya huku kusini, baina ya Diani na mpaka, ambayo sitaitaja kwa sababu mtakazoziona. Mimi nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake. Sikuwa rafiki yake. Sidhani kama alikuwa na rafiki pale kazini, na wala sikuona kama jambo hilo lilimsumbua.

Yalikuwepo maneno mawili tu yaliyoweza kumwinua kitini kwa hasira. Wodini, mgonjwa akiongezewa damu kisha akatetemeka, au akapanda homa, sisi huwaambia jamaa zake: damu imemkataa. Ni msemo mwepesi, haumlaumu mtu. Jamaa wanatikisa vichwa, wanasema alhamdulillahi yu hai, na mambo yanaishia hapo. Bi Maabara akiusikia alikuwa anaacha alichokishika. "Damu imemkataa! Kwani damu ina kinywa? Damu ni binti anayeposwa, hata ikatae? Mara nyingine mwili wenyewe tu umeghadhibika, na hakuna aliyekosea. Sawa, semeni hivyo. Lakini mara nyingine kuna mtu amemletea mwenzake kisicho chake. Mtafuteni kwanza huyo mtu, ndipo mje mniambie habari ya kukataa."

Mara moja mtu huyo nilikuwa mimi. Kuna mama mmoja wa Mkongani niliyemwambia kwa kinywa changu hiki kwamba damu ilimkataa, nami najua ni uongo. Miaka saba ikapita. Akapata uvimbe katika kizazi, akatakiwa apasuliwe, naye alikuwa amekula kiapo kwamba damu ya mtu haitaingia tena mwilini mwake. Daktari alisema bila damu ya akiba hamgusi. Kwa hiyo yule mama akawa anakaa nyumbani anavuja kidogo kidogo, kwa ajili ya maneno mawili yangu. Ndiyo sababu ninamwandika Bi Maabara. Ningeweza kuisimulia habari hii bila yeye, wallahi ningeisimulia.

Darasa lake lilikuwa kila Jumatano saa nane mchana, wakati watu wameshiba na macho yamekuwa mazito. Alitufundishia katika stoo ya magodoro. Alikuwa na mfuko mtupu wa damu uliopitwa na tarehe, ameutia maji mekundu ya rozela, ameutundika kwenye msumari. Tulikaa wauguzi, wakunga, na madaktari vijana waliotoka bara, kila mmoja na simu yake mapajani.

"Mgonjwa anatetemeka," alisema siku moja, akamnyooshea kidole daktari kijana. "Dakika ya kumi tangu umtundikie. Unafanya nini?"

"Madam, nitampigia simu bosi."

"Bosi yuko Mombasa, anakula biriani. Mgonjwa anatetemeka."

"Basi nitamdunga dawa ya..."

"Funga!"

Kijana akafunga kinywa. Stoo nzima ikacheka.

"Si kinywa, mwanangu. Funga hiyo damu. Kwanza funga, halafu ndiyo upige simu zako zote, hata kwa mamako. Sindano usiichomoe, tia maji ya dripu njia isizibe. Soma jina tena, la mgonjwa na la mfuko. Na mfuko usiutupe, uniletee mimi na kilichobaki ndani yake."

Hivyo ndivyo alivyofundisha, kwa kutuaibisha. Muuguzi mmoja aliona mfuko una baridi kutoka friji, akauweka dirishani upate jua. Bi Maabara aliuondoa mwenyewe, akamwuliza kama na nguo zake huanika hospitalini. Damu ikishatoka kwenye friji yake alitupa nusu saa tuwe tumekwisha kuitundika. Ukichelewa uirudishe na useme umechelewa, wala usimfichie kwenye droo. Mtu akitaka kuchanganya dawa ndani ya mfuko wa damu ili kuokoa muda, aliambiwa akaokoe muda kwao.

Kikubwa zaidi kwake kilikuwa kiti. Alitaka muuguzi akae kando ya kitanda robo saa nzima ya mwanzo, asome joto, ahesabu mapigo, amtazame mgonjwa usoni. Mnaijua wodi yetu? Vitanda thelathini, wauguzi wawili, na jamaa wamejaa mlangoni na vyombo vya uji. Muuguzi akikaa kitini anaonekana mvivu. Nilikwisha kusikia kwa masikio yangu, "Mwangalie sista, amekaa kama yuko harusini." Nilipomlalamikia, Bi Maabara aliniambia nikae na nitukanwe, kwani matusi hayaui figo, damu isiyo ya mtu inaziua.

Na lilikuwepo somo la abee. Huku kwetu msichana aliyelelewa vizuri, akisikia mtu mzima anaita, huitika abee kabla hajajua ni nani anayeitwa. Nyumbani bibi yangu alikuwa akiita mmoja, tunaitika watano. Ni adabu tu. Bi Maabara alisema adabu hiyo inamtisha kuliko virusi vyote anavyovipima. "Abee si jina," alisema. "Na ndiyo si jina. Ukimwuliza mgonjwa, wewe ndiwe fulani binti fulani, atakwambia ndiyo ili asikukwaze, hasa wewe ukiwa umenuna. Mwulize, unaitwa nani? Halafu unyamaze. Yeye ataje, wewe ufuate kwa kidole, na mwenzako awe anatazama."

Daktari mmoja wa bara alikuja analalamika kwamba mama fulani hajui jina la mwanawe mwenyewe, kila akiulizwa anasema "huyu ni mzee." Bi Maabara alicheka mpaka akashika ubavu. Mtoto yule amepewa jina la babake mume, na mkaza mwana hamtaji mkwewe kwa jina. "Analijua kuliko unavyolijua la kwako," alimwambia. "Nenda kamwulize shangazi yake mtoto, kisha usome na mkanda wa mkononi." Mambo kama hayo hayamo kwenye miongozo inayoletwa na wizara, nayo ndiyo yaliyokuwa yakitupotosha.

Nisimfanye malaika, maana hakuwa. Alikuwa na ulimi mbaya na ubahili wa sifa. Katika miaka yote ile aliniambia "vizuri" mara mbili, na mara moja kumbe alikuwa anamwambia mtu kwenye simu. Alisikiliza mpira wa Uingereza kwenye redio yake maabarani, akawatukana makipa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, kisha adhana ikilia anazima redio, anatawadha, anarudi mtu mwingine. Siku moja alifungua friji ya damu akakuta pweza amefungwa kwa gazeti, kilo mbili nzima. Daktari mkubwa alikuwa amenunua asubuhi kwa wavuvi wa Msambweni, akaona pale ndipo penye baridi ya uhakika. Lo! Bi Maabara alimchukua pweza yule mpaka kwenye mkutano wa madaktari, akamweka mezani juu ya mafaili, akauliza, "Kundi lake la damu ni lipi huyu, nimwandike?" Halafu hakumrudisha. Alikwenda naye nyumbani akampika kwa tui, na kesho yake alitwambia alikuwa laini.

Na alikuwa mwongo pia, pale alipotaka. Damu ikipungua alikuwa anaandamana na watu wa kuchangisha mpaka Lunga Lunga, kwenye foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Tanzania, kwa kuwa huko ndiko wanaume wenye afya wanakaa kutwa bila kazi. Aliwaambia sindano hata hawataisikia. Aliwaambia damu ikipungua kidogo mwanamume anakuwa kijana tena. Dereva mmoja, jitu la miraba minne, aliiona sindano akaanguka chini kabla hajaguswa, na Bi Maabara akampepea kwa daftari huku akimwambia, "Pole baba, umechoka na safari tu." Dereva yule alirudi safari iliyofuata akatoa, na akawa anamletea machungwa kila apitapo. Nilimwuliza Bi Maabara kama haoni haya kuwadanganya watu. Alisema uongo wa kumtoa mtu damu anaweza kuujibu mbele ya Mungu, bali wa kumtilia mtu damu hawezi. Nililiamini neno hilo kwa muda mrefu.

Sasa nifike kwenye lile nililolikimbia.

Yule mama wa Mkongani aliletwa mimba imeharibika, ametoka damu nyingi, mweupe hata viganja. Tulikuwa wawili wodini, na mwenzangu alikuwa anazalisha. Niliagizwa nimtoe damu kidogo, niitie kwenye chupa, iende maabara ikalinganishwe. Nilisimama mlangoni na chupa mkononi, nikaita jina lake.

"Abee," ikaitikwa na msichana wa kitanda cha pili.

Nikaenda, nikafunga mkono, nikachoma, nikavuta. Yule msichana alinitazama. Kumbe alikuwa ameitika kwa niaba ya jirani yake aliyelala, ili aniambie bado amelala. Mimi sikumpa nafasi ya kusema. Na alipoona sista anamchoma, angesema nini? Alinyoosha mkono kwa heshima. Nikaandika jina la yule mama juu ya chupa yenye damu ya msichana, nikaipeleka.

Alasiri mfuko ukaja. Jina kwenye mfuko lilikuwa la yule mama, jina kitandani ni lake, nambari zimelingana, mwenzangu ametazama, nami nimetazama. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa damu yenyewe. Nikamtundikia, nikavuta kiti, nikakaa. Angalau hilo nililifanya. Haikufika dakika ya kumi akanishika gauni. "Sista, kiuno. Kiuno changu." Halafu baridi ikamwingia, meno yanagongana. Nikafunga. Ningekuwa nimeondoka kwenda kitanda kingine, leo ningekuwa naandika habari ya maiti.

Hakufa. Mkojo wake ukawa mweusi kama kahawa, figo zikalala, akapelekwa Mombasa akasafishwa damu kwa mashine kwa wiki kadhaa. Bi Maabara alilipata kosa ndani ya saa moja: alimtoa damu nyingine, akaipima pamoja na ile ya chupa yangu, akaona ni watu wawili. Akaniita, akafunga mlango.

"Uliita ukiwa wapi?"

"Mlangoni."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinipa daftari la matukio nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, tangu mlangoni mpaka kwenye kiuno. Kesho yake tukaitwa kwa mkubwa wa hospitali. Mkubwa alisoma, akavua miwani, akasema daftari litabaki kabatini kwake, na jamaa waambiwe damu ilimkataa.

Nikamtazama Bi Maabara. Nilimngoja ainuke. Ndiyo, maneno ni yale yale mawili, yamesemwa na mtu mzima mbele yake, na hakuinuka. Alikuwa anapangapanga karatasi zake magotini. Mimi wakati ule nilikuwa wa mkataba na nina mimba ya miezi sita. Nikatoka, nikaenda Mombasa, nikamwambia yule mama pale kitandani, mavyaa wake, mamake mume, akisikiliza, "Pole, mama. Damu ilikukataa." Siku hiyo nilimshukuru Bi Maabara kwa kunyamaza, na siku hiyo hiyo nilimdharau. Jumatano iliyofuata alifundisha kama kawaida, akaruka kwa hasira kama kawaida muuguzi mmoja alipousema msemo ule. Mimi nilitazama dirishani mpaka darasa likaisha.

Huko Mkongani maneno yangu yalikaa na yule mama vibaya. Mavyaa alisema huyu ana kitu mwilini kisichotaka damu ya mwingine. Akapelekwa kwa mganga akachanjwa, akafukizwa. Kukizaliwa mtoto katika ukoo, hapewi kumbeba mpaka mtoto akomae shingo, asije akamwambukiza hicho kitu. Haya yote niliyajua. Watu wa Mkongani wanatibiwa kwetu, na watu hawakosi la kusimulia. Niliyajua nikanyamaza, nikaajiriwa kudumu, nikazaa, nikapandishwa cheo. Mwezi uliopita daktari wetu mpya alitwambia habari ya mama mmoja mkaidi anayekataa kupasuliwa kwa sababu ya damu, akataja na kijiji. Nilijua ni nani, nikaomba ruhusa siku hiyo hiyo.

Bi Maabara amestaafu miaka miwili sasa. Anakaa karibu na Kombani, anafuga kuku wa mayai. Nilimkuta bandani, ameshika ndoo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umenenepa. Kuna nini?"

Nikamweleza. Nikamwomba aende yeye akamwambie, maana yeye ni mtu mzima na maneno yake yana uzito, na mimi nina kazi ya kupoteza. Alimaliza kuwamwagia kuku maji.

"Mlangoni nilisimama mimi?"

"Hapana."

"Basi hatumtumi mtu. Tunakwenda wote." Akaingia ndani, akatoka amevaa buibui lake, tukaita tuktuk.

Tulimkuta yule mama uani kwake, anamenya mihogo. Amekonda, macho yamepauka. Alitukaribisha vizuri, binti yake akatuletea vigoda, na mimi alinikumbuka mara moja. "Sista! Karibu. Hujambo? Na wale watoto?" Ukarimu ule uliniumiza kuliko angenitukana. Nilisema haraka kabla sijaogopa. Nilisema damu haikumkataa. Nilisema niliita jina lake kutoka mlangoni, akaitika mwingine, nikamtoa damu mwingine, na yeye akatiwa damu isiyo yake. Nilisema mwili wake hauna neno, na akitiwa damu iliyolinganishwa sawasawa na yake itampokea kama inavyowapokea watu wote.

Kisu kilikuwa kimesimama kwenye muhogo.

"Kwa hiyo mimi sina kitu?"

"Huna kitu, mama. Hukuwa nacho tangu mwanzo."

"Mavyaa amekufa akijua ninacho," alisema. Akamenya muhogo ule mpaka mwisho, akautia majini. Kisha akamgeukia Bi Maabara. "Na wewe, mama, ni nani?"

"Mimi ndiye niliyekuwa natoa damu pale hospitali. Kosa nililigundua mimi."

"Lini?"

"Siku ile ile."

"Siku ile ile," mama akasema. "Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Huyu alikuwa na mimba, na kazi yake ilikuwa ya mkataba. Wangemfukuza. Nilimwonea huruma."

Hilo sikuwa nimelijua. Miaka saba nilidhani alimwogopa mkubwa. Nilitaka kumtazama, nikashindwa.

"Huyu ulimwonea huruma," mama akasema taratibu. "Na mimi je?"

Nimemwona Bi Maabara akiwajibu madaktari wakubwa, madereva wa malori na watu wa wizara, na jibu lilikuwa kinywani kabla swali halijaisha. Pale alilikunja pindo la buibui lake, akalikunjua. Binti wa yule mama alisimama mlangoni na kopo la maji, hajui ampe nani.

"Wewe sikukufikiria," Bi Maabara alisema. "Ningekufikiria ningekuja."

Mama akamtuma binti yake amwite babake shambani. Tukamngoja. Maji ya kunywa tulipewa, tukanywa. Mume alipokuja alitwambia karibuni, akavua kofia, akaketi chini, na mke wake akasema, "Haya, semeni tena, asikie na yeye." Nikasema tena, neno kwa neno, na Bi Maabara akasema la kwake. Mume akamtazama mkewe, akauliza tufanyeje.

"Nitapasuliwa," mama akasema. "Na damu watie, nimekubali. Lakini huyu asinishike."

Nilifungua kinywa niseme samahani, Bi Maabara akanitangulia. "Hatakushika," alimwambia.

Nikasema ndiyo, mama, sitakushika. Alipasuliwa wiki iliyofuata, akatiwa mifuko miwili, akarudi kwao salama. Siku hiyo mimi niliomba nipangwe wodi ya watoto, na habari zake nilizipata kwa mwenzangu.